Masalia ya Baba Garikai

Pale kijijini Chitsinde, upande wa Gutu, mtu akikaribia uwanja wa Mai Garikai, yaani mama yake Garikai, hubadilisha mwendo. Mwenye kuchechemea hujikaza asichechemee, mwenye kutupatupa mikono huitia mifukoni, na mwenye kikohozi hukimeza mpaka aipite nyumba. Wanamwogopa. Si mchawi, wala hana mdomo mchafu, ingawa akichokozwa anao wa kutosha. Wanachokiogopa ni macho yake. Mai Garikai akikutazama ukipita, ujue anakuchukua kipimo, na siku utakapolazwa maiti ndani ya nyumba ya jiko ya kwenu huku watu wakiimba, yeye atavaa koti lako na kutoka uwanjani, nawe utaonekana ukitembea tena mbele ya jamaa zako wote. Ulichokificha maisha yako yote kitakuwa hadharani kabla kaburi halijachimbwa.

Huku kwetu hiyo ni kazi ya wakamwana. Wanawake walioolewa ndani ya ukoo ndio wanaochota maji ya msiba, wanaosonga sadza na kufagia uwanja, na ndio wenye ruhusa ya kumwigiza marehemu. Watoto wa ukoo wenyewe kazi yao ni kulia. Mkamwana ni mtu wa kuja, hana damu yao, kwa hiyo mdomo wake hauna kufuli. Anaweza kusema marehemu alikuwa bahili, au alikoroma mpaka mbuzi wakakata kamba, na hakuna wa kumnunia. Wenye msiba wenyewe huwa wanangoja wachekeshwe, maana bila kicheko msiba hukaa kifuani ukamlemea mtu.

Jina lake hasa ni Shuvai. Alitoka Buhera, na ni Chihera, yaani binti wa ukoo ambao mnyama wake ni pofu, yule mkubwa kuliko swala wote, na hakuna asiyejua kwamba Chihera haambiliki. Aliolewa kwa watu wa ukoo wa Gumbo na kijana aitwaye Zvidzai, na alikuwa bado mgeni hapo nyumbani, hata kuni za mama mkwe hajajua zinawekwa wapi, baba mkwe wake alipofariki. Mzee Tavengwa alikuwa na magoti yanayogongana, na alikuwa na mbwa wengi aliowagombeza kutwa kucha kama watu wazima waliokataa kutafuta kazi. Wakamwana wakubwa walikuwa wameanza kuigiza na msiba umedoda. Shuvai akaomba koti la mzee. Akalivaa, akayagonganisha magoti, akatoka uwanjani na kumuuliza mbwa wa kwanza aliyemwona kama haoni haya kula bure katika umri ule.

Watu walianguka chini. Mama mkwe, aliyekuwa amekataa hata maji tangu kulipokucha, alicheka akiwa ameshika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kilio chote alichokuwa amekibana, na alipomaliza akaomba uji. Tangu siku ile hakuna msiba wa watu wa Gumbo uliofanyika bila Mai Garikai kutafutwa. Akiwa mjamzito aliigiza, akiwa na homa aliigiza. Aliigiza mwalimu mstaafu aliyekuwa akijikuna mgongo kwa rula, na shangazi mmoja aliyekuwa akikuuliza habari za kwenu huku macho yake yako kwenye chungu chako. Hakuhitaji maneno mengi. Alisema ukishampata mtu kwenye goti, mdomo unakuja wenyewe.

Nami naona kazi ile haikuwa mzaha mtupu. Mtu akifa anaacha vitu. Anaacha nguo, ambazo hufungwa bunda zikakaa miezi mpaka ndugu wagawane. Anaacha kigoda na jembe, na chungu chenye ufa ambacho hakuna anayekitaka wala anayethubutu kukitupa. Boma likihamwa, huacha duara la mawe na majivu yanayootesha mboga tamu kuliko za bustani, na mahame hayo sisi tunayaita matongo. Masalia yote hayo yana majina na yana wenyewe. Lakini kikohozi cha mtu kinakwenda wapi? Na ile namna yake ya kuinama kufunga mlango, nani anairithi? Siku ya kugawana nguo Mai Garikai alikuwa akikaa pembeni bila kunyoosha mkono, na wakimuuliza kwa nini haombi hata leso, alijibu kwamba nyinyi gawaneni, mimi changu nilishachukua.

Halafu akafa mume wake.

Baba Garikai alikuwa mlevi, na sitamtetea. Alikunywa pombe ya mtama ikiwepo, isipokuwepo akanywa kachasu, ile inayowaka ukiimwaga motoni. Alikunywa miaka mingi kiasi kwamba watoto wa kijiji walidhani kuyumba ndio mwendo aliozaliwa nao. Aliwahi kulala kwenye mtaro na mvua ikanyesha juu yake mpaka kukacha. Garikai, mwanawe wa pekee, alipokuwa shule ya msingi alikuwa akitumwa kumchukua baba yake kilabuni kwa toroli, na wenzake wakisimama kando ya njia wakimuuliza leo amevuna nini. Alikua na hasira yake hiyo, akaenda Masvingo mjini, akawa fundi wa kuchomelea mageti, na nyumbani alikuja kwa ajili ya mama tu.

Hakuzaliwa mlevi. Alikuwa mtunza josho, yule anayesimamia ng'ombe wa kijiji kizima wakiogeshwa dawa ya kupe, na aliwajua ng'ombe wa watu kwa majina. Ukaja ule mwaka wa ukame ambao hata mito mikubwa ilibaki mchanga. Ng'ombe walikufa wamesimama. Wiki baada ya wiki walioletwa joshoni walipungua, mpaka ikafika siku aliyofungua lango na hakuja hata mmoja. Aliendelea kwenda. Alikaa pale kando ya dawa iliyoganda akingoja, na aliyekuwa na kipande cha kibuyu chenye pombe akampitishia, na hivyo ndivyo ilivyoanza. Garikai wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Basi tumbo likavimba, macho yakawa manjano, na akafa mchana huku mkewe anampepea. Msiba ukajaa. Na hapo ndipo watu walipokumbuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: Mai Garikai leo ni mjane. Mjane kazi yake ni kukaa. Anakaa ndani ya jiko, chini, kando ya maiti, miguu ameinyoosha na kichwa amekifunika kitambaa cheusi, na wifi mkubwa yuko ubavuni mwake kumlinda. Haigizi mtu. Zamu ni ya wakamwana wadogo.

Wakamwana wadogo walikuwa na mtu wao. Netsai, mke wa mpwa wa marehemu, alikuwa mwanafunzi wa Mai Garikai mwenyewe, alimfuata misiba yote akiangalia magoti ya watu. Asubuhi ya maziko wachimba kaburi hawajarudi, jeneza liko ndani ya jiko, watu wamejaa uwanjani na uji umeshanywewa. Netsai akaomba kofia ya marehemu, ile ya kitambaa cha kijivu, na koti lake, na chupa tupu.

Mai Garikai hakumwona. Alimsikia kupitia mlango wa jiko. Alisikia viatu vikiburuta, vikisimama, vikirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyesahau anakokwenda. Akasikia sauti ya mumewe kabisa ikimwamkia mbuzi kwa heshima zote za mwenyekiti wa kijiji, kisha ikigombana na ghala la mahindi kwa sababu limesimama katikati ya njia na halitaki kupisha wakubwa. Watu walivunjika mbavu. Hata yeye, chini ya kile kitambaa cheusi, midomo ilimcheza. Ilikuwa kazi safi. Kile kituo kidogo kabla ya kutukana ghala alikuwa amekifundisha yeye.

Kisha akasikia sauti ya Garikai, nzito, imechangamka kuliko alivyoisikia tangu afike.

"Hapo umempata, shemeji. Ndiye huyo huyo. Hakuna mwingine."

Watu wakazidi kucheka. Mai Garikai midomo ikamtulia. Aliliangalia jeneza, na neno la mwanawe likamwingia na kukaa. Hakuna mwingine. Kijana alikuwa anasema kweli yake, mwingine hajamwona. Na alijua vizuri, kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, kwamba kitakachochekwa uwanjani asubuhi hii ndicho kitakachobaki. Jeneza likishatoka na kaburi likishafukiwa, hakuna tena kuigiza. Watoto wa Garikai watazaliwa, watauliza babu alikuwaje, na wataonyeshwa mtu anayegombana na ghala.

Hapo akamkumbuka mzee Tavengwa. Kwa miaka yote hiyo kila watu walipotaka kucheka walimwomba awaletee mzee, naye akawaletea magoti na mbwa. Vitukuu wa mzee, ambao hawakumkuta, wakipita matongo ya boma lake wanagonganisha magoti na kubweka. Lakini mama mkwe alikuwa amemsimulia, wakiwa wawili tu wanapepeta karanga, kwamba wakati wa vita, maghala ya majirani yalipochomwa, mzee yule alilifungua lake na kusema tule wote mpaka liishe, tukifa njaa tufe tumezoeana. Shuvai alilipenda neno lile. Hakuwahi kuliigiza, maana halikuchekesha. Sasa mama mkwe amekufa, na aliyekuwa analijua ni yeye peke yake, akiwa amekaa chini na miguu ameinyoosha.

Aliona aibu. Watu walikuwa wamemwachia wafu wao awatunze, naye akatunza kilichomfaa.

Kando yake alikaa Tete Marwei, dada mkubwa wa marehemu. Tete, yaani shangazi wa nyumba, ndiye mwenye sauti kwenye msiba wa ndugu yake. Mjane hata kwenda chooni anaomba kwake. Na hawa wawili hawakuwahi kupikika chungu kimoja.

"Tete," alisema Mai Garikai, "nataka kutoka."

"Kwenda haja?"

"Kwenda uwanjani."

Tete Marwei akamgeukia taratibu, maana shingo ilikuwa inamuuma. "Mjane hatoki. Wewe si mtoto. Umewacheka wafu wa wenzio miaka yote wakiwa wamekaa hapo hapo ulipokaa. Leo ni wa kwako, tulia."

"Wacheke, Tete, sikatai. Alikuwa mlevi. Matapishi yake nimeyafua mimi, si hao walioko nje. Lakini umemsikia Garikai? Anasema hakuna mwingine."

"Na yupo?"

Tete hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu ambaye mwenyewe ametafuta na hakupata. Mai Garikai akakifunua kitambaa usoni ili aonekane vizuri.

"Alikuwepo. Na wewe ulimjua, ndiyo maana ukasema nimemlisha limbwata."

Hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa kati yao. Kijiji kizima kilijua Tete Marwei ndiye aliyelisambaza, enzi zile, kwamba Chihera kamtilia mdogo wake dawa kwenye mchuzi, haiwezekani mwanamume mwenye akili timamu amfuate mke namna ile. Shuvai alilisikia kisimani wiki ile ile aliyofika, akalimeza, na lilimkaa kooni tangu hapo. Tete aliutazama mlango. Nje Netsai alikuwa anaimba wimbo wa walevi na watu wanampigia makofi.

"Nilisema," Tete akakubali. "Alikuwa mdogo wangu. Nilimlea mgongoni mimi. Ukaja wewe, akawa hata kunisalimia anasalimia huku anakutafuta uko wapi." Akavuta kamasi kwa upindo wa khanga. "Mume wangu angekuwa amelishwa limbwata hilo, ningeshukuru. Nenda. Wakiuliza, mimi ndiye niliyekuruhusu."

Akamsaidia kuinuka, kwa maana miguu ilikuwa imekufa ganzi, wakasimama wote mlangoni.

Uwanja ulinyamaza kwa vipande. Waliokuwa mbele waliona kwanza, wakagusana viwiko, na waliokuwa nyuma wakaendelea kucheka mpaka wakajisikia wako peke yao. Netsai akasimama na chupa yake mkononi, hajui amekosea nini. Mjane ametoka. Wazee wakamtazama Tete Marwei, na Tete akakaza uso, basi wakaelewa. Mai Garikai akamwendea Netsai, akamvua kofia, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba amefanya vizuri, akae. Watu kuona amevaa kofia ile, wakapiga vigelegele. Fundi mwenyewe ameingia.

Akasimama katikati ya uwanja na kumtafuta mumewe kwenye goti, kama alivyowatafuta wote.

Mguu ukaenda, ukayumba. Alijaribu kuunyoosha, bega likaporomoka. Aliinua kidevu, na kidevu kikainuka kwa kile kiburi cha mlevi anayetaka kuonekana hajalewa, na watu wakaangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya asubuhi ile, kwa maana alikuwa bora kuliko Netsai mara nyingi. Garikai alikuwa anapiga goti kwa kiganja. Mai Garikai akasimama. Akajaribu tena, na mlevi akatoka tena. Hakukuwa na mwingine kwenye miguu yake. Mwili wake, uliokuwa na mgongo wa mwalimu mstaafu na macho ya shangazi mlafi na magoti ya mzee Tavengwa, haukuwa na mwendo wa mume wake alipokuwa kijana.

Alipata hofu ambayo hakuipata hata pumzi ya mumewe ilipokatika. Watu wote wa Gumbo aliwaangalia wakipita mbele yake, akawachukua. Kwa nini huyu hakumchukua? Akaivua kofia, akabaki ameishika kifuani, na watu wakidhani ni sehemu ya mchezo wakangoja wacheke.

Hakumchukua kwa sababu hakuwahi kumtazama akipita. Siku zile hakupita mbele yake. Alikuwa pembeni yake.

Ilikuwa njia ya kwenda mashine ya kusaga. Huku kwetu mwanamke ndiye anayepeleka mahindi mashineni, ameyajitwika kichwani, na mume akiwa na lolote la kumwambia atamwambia akirudi. Zvidzai alilibeba gunia yeye. Alilitupa begani, akamwambia mkewe twende, na Shuvai akaenda mikono mitupu, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana Chitsinde. Watu walitoka majumbani kuwatazama. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno la limbwata.

Mai Garikai akamrudishia Netsai kofia, kisha akaanza kutembea.

Alitembea kwa miguu yake mwenyewe, ila ile ya zamani, ya msichana wa Buhera aliyeletwa karibuni na hajui kuni zinawekwa wapi. Aliiacha mikono ikining'inia mitupu, haijui iende wapi, ikigusa sketi na kuachia. Mabibi wawili watatu waliokuwa wamekaa kwenye mkeka wakashikana mikono. Alikwenda kwa hatua fupi, akijizuia, kama mtu anayeongozana na mwenye mzigo mzito asitake kumwacha nyuma. Uso wake aliuinua kidogo upande wa kulia. Akasikiliza. Akaguna kwa kukataa, akasikiliza tena, na akacheka kile kicheko cha mwanamke aliyeambiwa jambo ambalo halifai kusemwa njiani, akatazama nyuma kuona kama kuna aliyesikia.

Hakuna aliyecheka uwanjani. Vijana walikuwa wanatazamana, hawajui wanaonyeshwa nini. Mbona haigizi mtu?

Kisha akasimama. Alingoja, macho yakiwa juu ya kitu kinachoinuliwa na kuzungushwa, na alipoona kimekaa sawa, akapita nyuma. Alizunguka akiacha nafasi ya mtu mzima na gunia lake, akainama kidogo pembe ya gunia isimguse, akatokea upande wa pili na kuanza kutembea tena, sasa uso ameuelekeza kushoto. Angebaki upande ule, gunia lililohamia bega la pili lingemfichia uso wa mumewe, na yeye alikuwa anataka kumwona.

"Amebadilisha bega," alisema Tete Marwei kutoka mlangoni.

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemwona mdogo wake kwa mbali akija, na kila mtu uwanjani akalisikia. Mabibi wa kwenye mkeka wakaitikia kwamba ndiye, ndiye Zvidzai, na mmoja akasema alikuwa akichoka bega la kulia mapema, hata akiwa mtoto. Akasema mwingine kwamba alikuwa anapiga mluzi. Shuvai akageuza kichwa, na ikawa wazi kwa wote kwamba anasikiliza mluzi. Vijana nao wakaanza kuona. Hawakumwona sura, lakini waliona mahali alipo, na urefu wake kwa jinsi mama yule alivyouinua uso, na kwamba hana haraka, na kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye kutembea naye kulimfurahisha mpaka akasahau kumchukua kipimo.

Machozi yalikuwa yanamtoka Mai Garikai na hakuyafuta, maana msichana yule wa njia ya mashineni hakuwa na sababu ya kulia. Alisimama mara nyingine, akamzunguka tena, akaendelea. Njia ilimpeleka kati ya ghala na rundo la kuni, pale uwanja unapobana, na hapo ndipo Garikai alipokuwa amekaa kwenye gogo, miguu mirefu ameitupa mbele hadi karibu na ukuta wa ghala.

Garikai alikuwa ameacha kucheka muda mrefu. Alimtazama mama yake akija, mikono mitupu, anacheka, hana habari na mtu. Alikuwa anapita upande wa ghala, na palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mmoja bila kumgusa. Garikai akautazama uso wa mama, akafuata yalikoelekea macho yake, pale pembeni palipokuwa patupu.

Akaikunja miguu yake, akampisha baba yake.